Mke Mwenza wa Mama Pasi

Mtaa mzima ulijua kwamba Mama Pasi ana mke mwenza, na kwamba huyo mke mwenza ni wa kioo.

Alikaa sebuleni, palepale ambapo watu wengine wanaweka televisheni. Tangi refu kama kitanda cha mtoto, limesimama juu ya meza ya chuma, taa ya buluu kwa juu, na ndani yake maji ya chumvi, mawe, matumbawe na samaki. Mumewe, fundi saa ambaye watu walimwita Sekunde, alikuwa akirudi jioni kutoka kibandani kwake anamsalimia kwanza yule wa kioo, ndipo anauliza habari ya chakula.

"Nenda kwa mwenzangu akupikie," Mama Pasi alikuwa anamwambia bila kuinua macho kwenye pasi.

"Mwenzako hapiki," Sekunde anajibu, "lakini pia haunguzi mashati ya watu."

"Nimeunguza shati la nani mimi?"

"Nimetaja mtu? Mbona unajishuku?"

Basi wanacheka, chakula kinaliwa, maisha yanaendelea. Binti yao alishaolewa mbali, nyumba ilikuwa ya watu wawili na samaki saba.

Mama Pasi alikuwa dobi. Alifua, akatia wanga, akapiga pasi, na nguo za wateja alizipanga kwenye kabati moja la mbao nzito ajabu, lililorithiwa kwa marehemu mama mkwe, ambalo wanaume wanne walilihamisha huku wanatukana. Kazi hiyo ilikuwa imemlipa nguo safi za kila mtu na bega moja bovu. Mkono wa kulia haukupanda tena juu ya sikio. Kuchana nywele tu ilikuwa vita.

Kilichomuudhi kwa mke mwenza ni Jumapili. Maji ya samaki yanachoka, kama maji ya kufulia yanavyochoka, ila haya uchovu wake hauonekani. Samaki wanakula humo, wanakwenda haja humo, na usipoyapunguza na kutia mengine, viumbe wanaanza kufa mmoja mmoja kimyakimya. Kwa hiyo kila Jumapili Sekunde alivuta maji machafu kwa mpira mpaka kwenye ndoo, akabeba ndoo mpaka bafuni, akamwaga. Halafu akachota mapya kwenye pipa la bafuni, maji ya chujio aliyoyakoroga na chumvi ya bahari ya kwenye mfuko, akabeba ndoo mpaka sebuleni, akainyanyua mpaka kifuani, akamimina polepole huku ulimi umetoka nje. Sakafu inalowa. Shuka za watu zinarukiwa na chumvi. Mama Pasi anapiga kelele. Na bahari yenyewe, si mume wala mke, hakuna aliyewahi kuiona. Kutoka pale mpaka baharini ni safari ya kulala njiani.

Sasa Jumapili moja ndoo ilifika kifuani, Sekunde akasema "Aa!", sauti ndogo kabisa, akaishusha taratibu, akakaa chini kwenye maji. Ngiri. Wakampeleka hospitali, wakampasua, wakamshona. Daktari akamwambia, "Mzee, kuanzia leo kitu kizito kuliko birika la chai usinyanyue. Hata ukijisikia mzima."

Dada yake Sekunde alikuwepo pale kitandani, na yeye ni mtu ambaye shida ya mtu haimalizi dakika mbili mbele yake bila kupata dawa. "Basi lile tangi liondoke," akasema. "Nani atabeba ndoo? Wifi mwenyewe bega lile. Mimi ninamjua mwenye duka la viatu, anatafuta kioo kikubwa cha kuonyeshea viatu. Atakuja Jumamosi na wabebaji wake."

"Na samaki?" Mama Pasi akauliza, hata hakujua kwa nini ameuliza.

"Samaki ni samaki, wifi. Watamwagwa na maji yao."

Wote wakamtazama mgonjwa. Sekunde akasema, "Sawa."

Mama Pasi angepaswa kufurahi. Miaka yote alisema siku mke mwenza akiondoka atapiga vigelegele. Lakini alipoinama kumfunika mumewe shuka, akaona saa yake ya mkononi pale juu ya kijimeza. Imesimama. Mtu huyu alikuwa akiamka asubuhi, kabla ya kunawa uso, anajaza saa. Saa ikisimama chumbani kwa mtu mwingine yeye hakai akatulia. Na hii ya kwake ilikuwa imesimama karibu na kichwa chake, na yeye anatazama ukuta.

"Baba, saa yako imelala," akamwambia.

"Iache ilale."

Hapo ndipo Mama Pasi alipoogopa. Ngiri hakuiogopa, kisu hakukiogopa. Aliogopa hilo neno.

Akarudi nyumbani. Samaki walikuwa na njaa, akawapa chakula mwenyewe, na kwa mara ya kwanza tangu tangi liingie nyumba ile akavuta stuli akakaa mbele yake. Ndipo akaona Kinyozi amekufa.

Kinyozi alikuwa kamba, yule kiumbe wa majini mwenye miguu mingi na masharubu marefu, huyu akiwa mwekundu na mstari mweupe mgongoni. Sekunde alimpa jina hilo kwa sababu samaki walikwenda kwake mmoja mmoja, wanasimama, wanafungua mdomo, naye anawasafisha hadi mashavuni. Sasa alikuwa amelala kwenye mchanga, mguu juu, hatikisiki.

"Umeanza," Mama Pasi akaliambia tangi. "Hata mwenyewe hajatoka hospitali, umeanza kufa."

Akamtoa kwa kijiko cha mpini mrefu, akamweka kwenye kiganja. Akashangaa. Hana uzito. Hana kitu ndani. Ilikuwa ni nguo! Nguo tupu, inang'aa kama karatasi ya pipi, ina miguu yake yote, ina makucha, ina masharubu mawili membamba kuliko uzi, na hata vifuniko vya macho vipo, viwili, mviringo. Wakati anaigeuzageuza, nyuma ya jiwe akatokea Kinyozi mwenyewe, mpya, mwekundu zaidi ya jana, anatembea kwa aibuaibu kama mtu aliyetoka bafuni akakuta wageni.

Mama Pasi alikaa pale muda mrefu sana. Pasi ikapoa.

Maana yeye alikuwa mtu wa nguo. Maisha yake yote yalikuwa mishono, vifungo, zipu, pindo. Mtoto mdogo tu ukimvua shati, kifungo kinakatika, sikio linanasa, kilio. Na huyu amejivua mpaka soksi za masharubu, miguu yote ile, na hakuna kilichochanika. Alitafuta mshono kwa kidole, akapata mpasuko mmoja mdogo mgongoni, basi. Katokea hapo mzima mzima. Nani alimfundisha? Na hajapiga kelele, hajaita mtu. Sebuleni kwake, hatua tatu kutoka meza ya pasi, mambo ya namna hii yalikuwa yanafanyika miaka yote, naye alikuwa amewapa mgongo anakunja suruali za watu.

Akaiweka ile nguo kwenye kiberiti kitupu, juu ya pamba. Halafu akasema kwa sauti, ingawa hakukuwa na mtu, "Hapana. Huyu hamwagwi."

Sawa, hamwagwi. Lakini ndoo nani atabeba?

Jibu alilipata wodini, na hakulitafuta. Alikaa karibu na kitanda, mumewe amesinzia, na juu yake chupa ya dripu inaning'inia. Mama Pasi akawa anaitazama kwa sababu hakuna kingine cha kutazama. Tone. Tone. Tone. Kila tone dogo, halina maana, hata kitambaa halilowanishi. Alipokuja muuguzi kubadilisha, chupa ilikuwa tupu. Yote imeingia ndani ya mume wake, na yeye anakoroma tu, hana habari.

Mama Pasi akasimama ghafla mpaka stuli ikaanguka.

"Nesi," akasema, "mpira huo wa dripu unauzwa wapi?"

"Wa nini, mama? Mgonjwa bado anao."

"Nina mgonjwa mwingine nyumbani. Wa kioo."

Nesi alimtazama kama anayetaka kumpima joto, lakini akamwelekeza dukani.

Basi kazi ikaanza. Wazo lake lilikuwa rahisi kuliko kupika chai. Maji mapya yakae juu, yadondoke tone tone ndani ya tangi, mchana kutwa. Na tangi likizidi, kilichozidi kitoke chenyewe kiende bafuni. Linaloingia ndilo linalotoka. Hakuna ndoo.

Maji mapya kukaa juu, hapo lilisimama kabati la mama mkwe. Lilikuwa refu kupita tangi, na zito kiasi cha kuhimili ng'ombe. Akaweka pipa jipya la plastiki juu yake, tupu, jepesi, kwa mkono wa kushoto, akaning'iniza humo mpira wa dripu mpaka juu ya tangi. Bafuni, pipa la kukorogea likabaki palepale chini ya chujio. Kati yao akatandaza mpira mrefu, na kwenye pipa la chini akazamisha pampu ndogo ambayo Sekunde alikuwa anaitumia kuzungusha chumvi. Ukichomeka umeme, maji yanapanda yenyewe. Unabonyeza swichi kwa kidole. Hata mtu wa ngiri ana kidole.

Upande wa kutoka ndio uliomtoa jasho. Mpira wa kunyonya maji aliujua sana. Tangu bega liharibike alikuwa anamwaga mabeseni yake ya kufulia hivyo. Lakini mpira hauna akili, ukianza kunyonya unanyonya mpaka chini. Angerudi kutoka sokoni akakuta samaki wamelala kwenye mchanga kama dagaa. Akafikiri, akafikiri, akaenda kusimama mbele ya mabeseni yake mawili ya kusuuzia. Kila siku aliyaunganisha kwa mpira, na kila siku aliona kitu kilekile. Ukijaza beseni hili, na lile linapanda, mpaka yanalingana, halafu maji yanasimama. Maji yakilingana hayana safari.

Basi akatafuta chombo cha plastiki, akakining'iniza ubavuni mwa tangi kwa nje. Akakitoboa tundu usawa uleule ambao maji ya tangi yanatakiwa yaishie, na kwenye tundu akabana mpira unaokwenda bafuni, kupitia pale ukutani palipokuwa na bomba la zamani. Kisha mpira mwingine mfupi ukapanda ukingo wa tangi kama mtu anayeruka ukuta, mguu mmoja ndani ya tangi, mguu mmoja ndani ya chombo, miguu yote imezama. Maji ya tangi yakipanda, na ya chombo yanapanda, yanatokea tunduni. Yakirudi chini ya tundu, yanasimama. Hayawezi kushuka zaidi hata yakitaka.

Ili mpira uanze, ilibidi auvute kwa mdomo. Akavuta kwa nguvu mno. Maji yakamjaa kinywani, akayatema, akakohoa, machozi yakamtoka. Halafu akajilamba midomo taratibu.

"Kumbe ndiyo hivi," akanong'ona. Umri ule wote, na bahari alikuwa hajaionja.

Akamimina jagi la maji tangini kujaribu. Chombo kikapanda. Bafuni kukasikika chururu. Chururu ikapungua, ikawa tone, ikakoma. Maji ya tangi yalikuwa usawa uleule, kama hakuna aliyemimina kitu. Mama Pasi akapiga kofi moja, akaangalia nyuma kama kuna mtu ameona. Kinyozi tu.

Kilichobaki kilikuwa kukoroga chumvi, na hapo alijiamini kupita kiasi. Kukoroga ndiyo kazi yake! Akachukua chumvi nusu ya mfuko, akaiweka kwenye pipa kavu, akamwagia maji kidogo akaiponda ikawa uji mzito, halafu akamimina maji ya moto huku anakoroga, vilevile kama anavyotengeneza wanga wa kola za mashati. Yakawa meupe. Akangoja. Yakabaki meupe kama tui. Asubuhi yake chini ya pipa kulikuwa na unga mweupe umeganda kama chokaa, na juu maji bado yana ukungu.

Chumvi iliyobaki ilitosha mara moja tu, na Jumamosi ilikuwa kesho.

Akaenda hospitali, akamenya chungwa, akaanza kuzunguka mbali. "Hivi Baba, ile chumvi yako ulikuwa unakorogaje?"

Sekunde hakugeuka. "Ya nini sasa?"

"Nauliza tu. Mazungumzo."

"Maji kwanza. Yajae pipa, ya baridi kama yalivyo. Pampu izunguke. Halafu chumvi kidogo kidogo, ngumi moja moja. Unaacha ikizunguka mpaka kesho yake, unapima."

"Na mtu akiweka chumvi kwanza? Akatia maji ya moto?"

"Kama wanga?"

"Nimesema wanga mimi?"

Sasa Sekunde akageuka. Akamtazama usoni, kisha mikono. Kwenye kucha za Mama Pasi kulikuwa na weupe umekauka. Kona ya mdomo ikamsogea kidogo. "Akifanya hivyo anapika chokaa," akasema. "Amwage. Aanze upya. Na asikoroge kwa bega bovu, aachie pampu."

"Nitamwambia," Mama Pasi akajibu, akamtia kipande cha chungwa mdomoni kabla hajauliza lingine.

Jumamosi asubuhi maji yalikuwa maangavu mpaka ungedhani pipa ni tupu. Mshale wa kipima chumvi ukasimama pale ulipochorwa alama. Mama Pasi akabonyeza swichi, akasikia maji yanapanda ukutani, yanaingia kwenye pipa juu ya kabati, akazima. Akafungua kigurudumu cha mpira wa dripu.

Tone.

Wakaja wote kwa pamoja, kama waliambiana. Wifi akiwa amemshika mkono mlangoni kaka yake, aliyeruhusiwa hospitali asubuhi hiyo, na nyuma yao mwenye duka la viatu, mtu mnene wa haraka, na wabebaji wawili na godoro la kuzungushia kioo.

"Wifi! Mbona halijamwagwa maji?" wifi akasema kabla ya salamu. "Na hii mipira ya nini? Umefungua zahanati?"

"Karibuni," Mama Pasi akasema. "Kaa, Baba. Kaa hapo kwenye stuli."

Sekunde akakaa kwa uangalifu, mkono kwenye mshono. Akaangalia pipa juu ya kabati. Akafuata mpira kwa macho, chini, mpaka kwenye kale kachupa kadogo kanakoonyesha matone. Akakaribia. Akafuata mpira mfupi juu ya ukingo, akafuata chombo, tundu, ukuta. Bafuni kulikuwa kunadondoka. Hapa tone, kule tone. Hata wifi alikuwa anafuata matone kwa macho tu, na hilo lilikuwa la kuandikwa.

"Tone?" hatimaye wifi akashindwa. "Tone moja moja? Litabadilisha nini kwenye zigo lote hili?"

Sekunde alitoa saa yake mfukoni. Imesimama bado. Akaijaza, kri kri kri, akaiweka sikioni, akaisogeza karibu na dripu. Akashika kigurudumu kwa vidole viwili, vidole vya fundi saa, akakisogeza kitu kidogo mno, mara nyingine tena, mpaka tone likawa linaanguka pamoja na mshale wa sekunde. Tiki, tone. Tiki, tone. Midomo yake ikawa inahesabu.

"Ikienda hivi," akasema polepole, "mpaka Jumamosi ijayo... dada, ni ndoo zote zile. Zote nilizokuwa nabeba." Akaitazama saa kiganjani. "Miaka yote nashughulika na sekunde za watu. Sikujua kwamba zinaweza kubeba maji."

"Na mabaya yatatokaje bila kuchanganyika na mazuri?" mwenye duka akauliza, na sasa naye alikuwa ameinama.

"Yanachanganyika kidogo," Sekunde akasema. "Hayakomi kutoka, hayakomi kuingia. Wao hata hawajui. Waangalie."

Wakaangalia. Samaki wawili wa rangi ya machungwa walikuwa wanalala kwenye vidole vya ua lao, yule kiumbe laini wa baharini anayefanana na ua, wanasukumwa huku na kule. Bahari yao ilikuwa inabadilishwa juu ya vichwa vyao, na hawakupepesa hata jicho. Kinyozi alikuwa kazini, ana mteja mdomo wazi.

Mama Pasi akatoa kiberiti, akakifungua mbele ya mwenye duka la viatu. "Hii ni nguo yake. Kaivua wiki hii. Tafuta palipochanika."

Yule bwana akachukua kiberiti, akaenda nacho dirishani kwenye mwanga. Alikaa nacho. Alikuwa mtu aliyeuza viatu maisha yake yote, na alihesabu ile miguu, kila mmoja na soksi yake nzima hadi ukucha.

"Huyu," akasema, "mimi simvishi." Akarudisha kiberiti kwa mikono miwili. "Vijana, bebeni godoro. Viatu nitaviweka kwenye mbao."

"Sasa kioo?" wifi akauliza.

"Kina mtu ndani, mama."

Walipoondoka, wifi akabaki. Alisema anakunywa maji tu anakwenda, lakini alivuta kiti mbele ya tangi, na baada ya muda akawa anauliza huyu mweupe anaitwaje, na yule mbona kajificha, na hakungoja majibu kwa sababu macho yalikuwa yameshahama.

Sekunde akajifunga saa mkononi. "Mama," akaita, "leo kuna chakula gani?"

Mama Pasi alikuwa anawasha pasi. Meza alikuwa ameigeuza, na sasa uso wake ulielekea kwenye tangi. "Nenda kwa mwenzangu akupikie."

"Mwenzako yuko kwenye dripu," Sekunde akasema. "Muache apumzike."